Jiwe la Nyuma ya Tairi

9 Februari

Shangazi,

Kabla sijakusalimu, acha niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Nikianza na salamu nitazunguka nazo mpaka ukurasa uishe na ujasiri uishe nao. Mimi huwa naramba mawe.

Haya, nimesema. Sasa shikamoo.

Sisi hatujambo. Mama kikohozi kimemwachia. Paa la jikoni bado linavuja pale pale, tumeliwekea beseni, na beseni nalo limeanza kuvuja. Mimi nimerefuka, sketi ya shule imeshushwa upindo mara mbili na sasa hakuna upindo wa kushusha. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unanijua: kwenye simu nikiulizwa "hujambo?" huwa najibu kwa kutikisa kichwa. Halafu simu ni ya Mama. Sijui nini kilitokea kati yako na Mama, na siulizi. Ila ukinijibu, tumia sanduku la posta la shule. Karani wa shule ameshaniuliza kama nimepata mchumba. Nilitikisa kichwa.

Yale mawe unayakumbuka? Yamejaa kibarazani vile vile Baba alivyoyaacha: mekundu, ya kahawia, meusi, mengine kama yamepigwa mistari. Nilikuwa na miaka tisa alipofariki, na kitu ninachokikumbuka vizuri kuliko sauti yake ni jinsi alivyokuwa akirudi safari, anakaa kwenye ngazi na viatu vyake vyenye vumbi, anaokota jiwe moja, analiramba kama mtoto mwenye peremende, kisha ananionyesha: "Ona, limeamka." Kweli lilikuwa limeamka. Rangi zilitoka. Tangu afariki, Mama akienda kazini, mimi hukaa kwenye ngazi ile ile nikayaamsha mawili matatu. Ulimi wangu unapata ladha ya msumari na ya mvua. Najua ni ujinga.

Sasa tunahama. Mwisho wa mwezi wa sita. Mama amepata vyumba viwili ghorofani karibu na ofisi yake, na mwenye nyumba kasema hataki vitu vizito. Fundi wa ukuta wa jirani ameomba mawe yote akayamwage kwenye msingi. Mama amekubali. Nilipobaki nimesimama tu mlangoni, akasema bila kunitazama, "Jiwe moja. Moja tu litakwenda na sisi."

Shangazi, siku moja Baba aliniambia, anacheka, "Kati ya haya, moja ndilo lililonipatia mke." Sikuuliza lipi. Mimi siulizagi. Wewe ulifanya kazi naye enzi zile, kambi moja ya wapima miamba. Lipi?

Nasikia geti. Kwaheri.

Mwanao


27 Februari

Bi Kimya wangu,

Marahaba. Marahaba mara mbili, moja ya sasa na moja ya miaka yote hii.

Mimi mzima, ukiacha chafya. Bado niko maabara, bado nasaga mawe ya watu. Wanaleta jiwe lenye fahari zake, mimi nalitia kwenye mashine, linatoka unga, unga unaenda kupimwa, mimi nabaki nimekuwa mwekundu mpaka kwenye kope. Mwenye duka la hapa chini ananiita Matofali. Nimempenda sana kwa jina hilo, ndiyo maana siku hizi nanunua kwenye duka lingine.

Kuhusu siri yako: nilicheka mpaka mwenzangu akazima mashine aje kuona kama nimeumia. Mtoto wewe, hapa kazini wanaramba wenye shahada zao! Jiwe kavu ni kama mtu aliyenuna. Ukililowanisha linaanza kusema. Ila tumia kitambaa chenye maji, ulimi una kazi nyingine, hasa ulimi wako ambao kazi yenyewe haujaianza.

Mawe yenu yale mengi ni ya chuma, chuma kilichotulia majini na kuwa mwamba. Lakini usiyaamini kwa sura. Kutu ya nje haina maana, jiwe lolote linaweza kujipaka kutu, kama mtu anavyojipaka manukato ya kuazima. Fanya hivi. Kwanza lipime kwa mkono. La chuma linakushangaza, unalinyanyua ukidhani ni jiwe, mkono unashuka. Pili, tafuta kikombe cha kauri, kigeuze. Pale chini kinapokaa mezani pana duara lisilong'aa, lenye kukwaruza. Buruta jiwe hapo. Usitazame jiwe lilivyo, tazama unga linaoacha. Unga mwekundu kama damu iliyokauka, hiyo ni hematiti, hata kama jiwe lenyewe ni jeusi ti. Unga wa njano au kahawia ya chai, chuma hicho kimekunywa maji siku nyingi. Unga mweusi, lete sumaku, ifunge kwa uzi, iache ining'inie karibu. Ikiyumba kwenda kwenye jiwe, umepata magnetiti. Tatu, livunje pembe, au tafuta pembe iliyokwisha kuvunjika, uone kama lina tabaka.

Lipi lilimpatia kaka yangu mke? Muulize mama yako.

Shangazi yako


15 Machi

Shangazi shikamoo,

Barua yako ilifika ikiwa imefunguliwa pembeni kidogo. Karani ananitazama kwa huruma, nadhani alitegemea maneno ya mapenzi akakuta mambo ya kutu.

Tuko salama. Mtihani wa katikati ya muhula nimefanya vizuri, isipokuwa ule wa kuzungumza mbele ya darasa. Shuleni miamba tunaisoma kwa lugha ile nyingine, na majina yake ni marefu, mdomoni mwangu yanapwaya kama viatu vya mtu mwingine. Nayaandika vizuri ila siyasemi. Yako, ya kikombe na unga, nayasema hata peke yangu bafuni.

Nimefanya ulivyosema. Sumaku nimeitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Mama akiwa kazini natandika gunia kibarazani, nayapanga. Kuna kundi la unga mwekundu, ndilo kubwa. Kuna la unga wa njano, haya yanajivunjavunja pembeni na yana matundu. Kuna moja la ajabu, limejaa punje za duara zimebanana kama mayai ya samaki, kila punje inang'aa kidogo ukililowanisha. Nalipenda hilo, lakini sidhani kama ndilo, ni dogo mno kumpatia mtu mke.

Nadhani nimelipata, Shangazi. Usicheke. Ni jeusi, linang'aa kama kioo upande mmoja, lina mapovu yaliyoganda, na sumaku inalirukia. Hakuna lingine la namna hiyo pale. Baba lazima alilichagua kwa sababu ni la pekee. Nimekuwa nikilala nalo chini ya mto tangu juzi. Nakutumia kipande chake ndani ya bahasha hii, nimekivunja kwa nyundo ya nyama.

Niambie tu ndiyo au hapana. Mama siwezi kumuuliza. Nyumbani kwetu jina la Baba ni kama glasi ya harusi iliyoko kabatini: tunajua ipo, hakuna anayeinywea. Miaka yote hii Mama hajawahi hata kukaa kwenye ngazi ile. Anapita katikati ya mawe kama anayepita katikati ya kuku.

Nasikia viatu vyake mlangoni. Kwaheri.


2 Aprili

Bi Kimya,

Marahaba. Keti kwanza.

Umeketi? Kile ulicholala nacho chini ya mto kinaitwa mavi ya chuma.

Ndiyo jina lake, sijalitunga mimi. Wafua chuma wakiyeyusha, uchafu unaelea juu, wanaukwangua wanautupa, ukipoa unakuwa hivyo: kioo na mapovu. Jiwe lililotulia majini halina mapovu, mwanangu. Mapovu ni ya kitu kilichochemka. Kaka yangu aliokota kila kilichong'aa, hata chupa. Na wewe umekiramba, najua umekiramba, usinijibu.

Mwenzangu wa mashine anakusalimu. Kila asubuhi ananiuliza, "Yule binti wa mavi ya chuma hajambo?"

Basi nikupe zuri la kufuta hilo baya. Zamani, zamani kiasi kwamba hapakuwa na samaki wala jani, maji ya bahari yalikuwa yamebeba chuma kimeyeyuka humo, hakionekani, kama sukari kwenye chai. Ndivyo wataalamu wetu hapa wanavyotueleza wakiwa na nafasi. Halafu vikatokea vijidudu vidogo visivyo na jina wala macho, vikaanza kutoa oksijeni ndani ya maji. Chuma kikikutana na hewa hiyo kinashika kutu, na kutu haiyeyuki. Ikaanza kushuka. Polepole, kama mashapo yanavyoshuka chini ya kikombe ukikiacha kitulie. Ikashuka kutu, likashuka tope laini linalokuja kuwa jiwe gumegume, lile gumu la kutoa cheche, ikashuka kutu tena. Tabaka la giza, tabaka jekundu. Ndiyo hayo mawe ya mistari. Kila mstari ni kipindi ambacho bahari ilitulia ikaacha kitu chini.

Wengi wanalidhania jiwe la mistari kuwa limepakwa rangi. Hapana. Limesubiri tu.

Lile la mayai ya samaki ni zuri, usilidharau. Vile vipunje vilivingirika kwenye maji ya kina kifupi, kila mzunguko vikijivika koti jipya la chuma. Liweke pembeni.

Ila silo. Unalolitafuta lina mistari. Zaidi ya hapo, muulize mama yako. Usinikasirikie.

Shangazi Matofali


20 Aprili

Shangazi shikamoo,

Nimelitoa chini ya mto. Nimebadili na foronya.

Mvua zimeanza, mabeseni sasa ni mawili. Mama ameanza kufunga vyombo kwenye maboksi. Anaandika juu yake kwa herufi kubwa, VIKOMBE, VITABU, kama vile tusipoandikiwa tutavila.

Nina jambo la kukueleza na sijui nilianzie wapi, basi naanzia kwenye kikombe. Jumamosi nilikuwa jikoni, nimegeuza kikombe cha wageni, naburuta jiwe la mistari chini yake. Nilidhani Mama yuko dukani. Nikageuka nikamkuta amesimama na mfuko mkononi. Ananitazama. Kikombe kina mstari mwekundu mpana, na vidole vyangu pia.

"Hiki kikombe kimeandikwa na nani?"

Nikaficha vidole nyuma. Nilitegemea akasirike, maana hicho ni cha wageni. Akakichukua, akakisogeza dirishani penye mwanga, akakitazama muda mrefu kuliko kikombe kinavyostahili. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayezungumza na mwingine aliyekaa chumba cha pili:

"Umekandamiza mno. Jiwe haliulizwi kwa nguvu. Unaburuta mara moja, taratibu, kwa ile pembe iliyovunjika karibuni. Vinginevyo unachora kutu ya juu tu."

Akakiosha ndani. Chini hakugusa. Akaenda zake kupanga viatu.

Shangazi, Mama anafanya kazi ofisi ya maji, anapokea malalamiko ya watu wa mabomba. Amejulia wapi?

Alipolala mchana nilifungua kabati nikageuza vikombe vyote. Unakijua kile chake cheupe cheupe, chenye ufa, ambacho haruhusu mtu mwingine akioshe? Chini yake pamejaa. Mistari myekundu, ya njano, mweusi mmoja, yote imefifia, mingine juu ya mingine, hakuna nafasi. Mimi miaka yote nilidhani ni uchafu wa meza. Kumbe kila asubuhi ananywea chai juu ya mistari hiyo.

Ina maana Baba alimfundisha? Alikuwa anamfundisha jioni, mimi nimelala? Kama ndivyo, kwa nini anayatoa yakawe kifusi?

Nakuomba safari hii usiniambie nimuulize.


25 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Karani anasema hakuna kitu, na sasa ananihurumia kwa dhati, ameninunulia kalamu.

Kama niliandika vibaya kuhusu Mama, nisamehe. Kama unaumwa, mwambie mwenzako wa mashine aniandikie hata neno moja.

Fundi wa ukuta amekuja kupima. Amesema atabeba Jumamosi ya pili ya Juni. Alilipiga teke jiwe moja la mistari kuona kama ni imara, akasema, "Haya yatashika vizuri." Nilikuwa nimesimama pale pale, kisha nikakimbilia ndani. Nilikaa ndani ya kabati la nguo, ndiyo, mtu mzima mwenye miaka kumi na tano, nikasema huko ndani yote niliyotakiwa kumwambia.


4 Juni

Mwanangu,

Siumwi. Barua yako ya kikombe niliisoma nikaikunja nikaitia mfuko wa koti la kazi, na kila siku nikaitoa imeongezeka vumbi, na kila siku sikujibu. Leo nimeifuta.

Kaka yangu hakujua tofauti ya jiwe na tofali. Alikuwa dereva. Hilo unalijua, lakini nadhani umelisahau, kwa sababu mtoto akimwona baba yake na jiwe mkononi husema jiwe ni la baba. Mawe yale ni ya mama yako. Yote, ukiacha mavi ya chuma. Alikuja kambini mwanafunzi wa miamba, mwembamba, kofia inamfika puani, na ndiye aliyekuwa akiramba. Sisi tulidhani ana minyoo. Mimi nilikuwa nashona mifuko ya sampuli, nilikaa kivulini nikaona yote.

Breki ya mkono ya gari lile ilikuwa jina tu. Kila kaka yangu aliposimama kilimani alitupa jiwe nyuma ya tairi. Siku moja mama yako alikuwa amepanda kutoka bondeni na jiwe zuri kuliko yote aliyopata msimu ule, mistari yake imejikunja kama kanga iliyokunjwa na mtu mwenye haraka. Akaliweka chini apumue. Kaka yangu akarudisha gari nyuma, akashuka, akaona jiwe zito limekaa kama limeandaliwa. Akalisukumia chini ya tairi. Gari likalipanda kidogo, pembe ikavunjika.

"Dereva, hilo jiwe ni langu."

"Dada, kwa sasa ni la gari."

"Nimelibeba kutoka kule chini!"

"Pole sana. Ukilitoa, breki utakuwa wewe."

Wengine wote walikuwa wameshuka bondeni, mimi na sindano yangu hatuhesabiki. Jiwe lingine la kutosha halikuwepo karibu. Yeye hawezi kuacha jiwe lake, kaka yangu hawezi kuacha gari lake. Basi wakakaa chini wote wawili, wakililinda kila mtu kwa sababu zake. Mama yako kwa hasira akaanza kumweleza ameponda nini. Bahari, kutu, tabaka, yote niliyokuandikia, mimi niliyasikia kwake kwanza, si kwa wataalamu. Jua likashuka. Kaka yangu alirudi kambini na neno moja tu, tabaka. Alilitumia mwezi mzima. Tabaka za mkate, tabaka za blanketi. Na akaanza kuramba mawe, mjinga yule, ili aone anachokiona mama yako.

Alipozaliwa mtu mmoja kimya sana, mama yako aliacha safari za milimani akatafuta kazi ya kukaa. Kaka yangu akaendelea kuendesha, na kila safari alimletea jiwe. Alikuwa akiyaramba pale kwenye ngazi ili achague la kumpa. Jioni walikuwa wanayauliza kwenye kikombe.

Siku ya maziko mama yako alitaka jiwe lile likae kichwani pa kaburi. Sisi tukasema hapana. Saruji na vigae, kama wengine. Mimi ndiye niliyesema kwa sauti kwamba jiwe lililokanyagwa na tairi haliwekwi kichwani pa mtu. Alilinyanyua peke yake akaondoka nalo, na hatujazungumza tena. Ndiyo maana nilikuwa nakutuma kwake. Nikilitaja jiwe, inabidi nitaje na mahali lilipokataliwa.

Mwezi wa nane nina likizo. Nilipita pale kaburini mwaka jana. Saruji ya kichwani imepasuka, vigae viwili vimeng'oka, pamebaki nafasi. Pana ukubwa wa jiwe.

Litafute. Lina mistari iliyojikunja, na pembe moja imelika kama mkate ulioumwa. Halafu mwambie wifi yangu namsalimu. Ukiweza. Najua nakuomba kitu kizito kuliko kupasua mwamba.

Shangazi


19 Juni

Shangazi shikamoo,

Tunahama wiki ijayo. Paa tumeliachia mabeseni yote mawili kama zawadi.

Barua yako ilifika siku moja kabla ya fundi kuja. Nilipekua kibaraza chote mpaka kucha zikawa nyekundu. Mistari iliyonyooka ipo mingi. Iliyojikunja, hakuna. Jumamosi asubuhi fundi akafika na kijana wake na toroli, wakaanza kutupa mawe kwenye gari, na kila moja likianguka nilisikia ndani ya meno. Nikakimbilia ndani kumtafuta Mama, niseme kitu, chochote. Nikajikwaa mlangoni kwake.

Unajua nimejikwaa pale mara ngapi tangu Baba afariki? Ile kabari ya mlango wa Mama. Siku zote nimeiona ni donge la saruji, kwa sababu limepakwa rangi ya sakafu pamoja na sakafu. Nilipiga magoti nishike kidole changu, nikaona pembe moja imelika.

Kitambaa sikuwa nacho. Shangazi, nililiramba pale pale, upande wa ukutani ambako brashi haikufika.

Likaamka. Giza, wekundu, giza, wekundu, na mistari yote imejikunja kama ulivyosema.

"Unaramba mlango?"

Mama alikuwa ameketi kitandani muda wote, soksi mkononi. Mimi niko chini, ulimi mwekundu. Nilitikisa kichwa kwamba hapana, huku nikiendelea kulishika. Akaanza kucheka. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo, kwa kwikwi, mpaka akalala ubavu juu ya nguo alizokwisha kukunja. Halafu kicheko kikageuka, bila kusimama katikati, kikawa kitu kingine. Nilimwacha. Nilikaa chini na jiwe, yeye juu na soksi.

Baadaye alishuka akakaa nami sakafuni. Akaramba dole gumba, akasugua pale palipovunjika. "Lilikuwa zima," akasema. "Angesogeza gari hatua moja tu." Alisema kama anayelalamikia jambo la jana.

Nikasema. Nilisema kwa sauti, Shangazi, nikajisikia nikisema: "Shangazi anakusalimu."

Nje mawe yalikuwa yanaanguka. Mama akaendelea kuisugua pembe ile. Kisha akauliza, "Bado anapiga chafya na lile vumbi?"

Nikamwambia bado. Nikamwambia wanakuita Matofali. Nikamweleza ya saruji iliyopasuka, na nafasi, na mwezi wa nane, yote kwa pumzi moja, sijui ilitoka wapi. Akauliza kwa nini sikumwuliza yeye mapema lipi ni jiwe lenyewe.  Akanigonga begani. "Mimi nilisema moja. Ulidhani sijui ni lipi?"

Tulitoka pamoja. Nilidhani atamzuia fundi. Hakumzuia. Alikaa kwenye ngazi, Shangazi, ile ngazi, na kila jiwe lililopita kwenye toroli alilitaja: hili la kule penye daraja lililobomoka, hili baba yako alilipata tairi lilipopasuka, hili aliliokota akidhani ni zuri, sikuwa na moyo wa kumwambia. Fundi akauliza kama tunayatoa au tunayaaga. "Endelea na kazi," Mama akamwambia, "sisi tunaendelea na yetu." Lile la mayai ya samaki alilitoa kwenye toroli mwenyewe akanipa. Kwamba hilo halihesabiki, linaingia mfukoni. Sasa chini ya ukuta wa jirani kuna bahari nzima, na jirani hajui.

Jiwe letu ameliweka mezani juu ya gazeti, anatoa rangi ya sakafu kidogo kidogo kwa mswaki mkuukuu. Amesema nikuandikie kwamba mwezi wa nane atalileta mwenyewe, halibebwi na mtu mwingine. Halafu jioni hii, tukiwa tunaosha vyombo, akasema huenda ataongeza mstari wake mwishoni mwa barua yangu. Kama kuna nafasi.

Nafasi ipo. Tatizo ni kwamba nimekuandikia humu kuhusu soksi na kicheko kilichogeuka, na hatapenda. Nitampa karatasi safi, nimwambie mimi bado sijaanza

Mlango wake umejibamiza, hauna kabari tena. Anakuja na kikombe, nasikia kijiko. Naificha hii chini ya godoro